Gundi Haijakauka

Mimi ni fundi wa makochi. Wateja wangu wote nawaambia neno moja kabla hawajabeba kiti chao: geuzeni mito. Usiache makalio ya watu yatwange upande mmoja mwaka mzima. Wa juu uende chini, wa chini uje juu, sponji ichoke sawasawa. Hawanisikii. Wanarudi na kochi limebonyea kama sufuria, halafu wananitazama kana kwamba nimewauzia uongo.

Kwa hiyo siku niliyoingia sebuleni kwangu nikakuta mto wa kiti cha dirishani umegeuzwa, roho yangu ilifurahi. Nilijua umegeuzwa kwa sababu zipu ilikuwa imekuja mbele.

"Meneja!" nikaita. "Leo umenifurahisha. Umegeuza mto bila kuambiwa."

Meneja ni mke wa mwanangu. Jina hilo nilimpa mimi, maana tangu aingie nyumba hii simu ya karakana anashika yeye, wateja wasumbufu anawatuliza yeye, na hata shati la kuvaa nikienda kupima viti vya watu ananichagulia yeye. Mwanangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Anakuja, analala, anaondoka. Nyumbani tunabaki mimi na mkwe wangu, na tunaelewana kuliko watu wengi waliotoka tumbo moja. Ananiita baba. Nikimkera ananiita fundi.

Siku ile hakunirudishia utani. Alisimama mlangoni mwa jikoni ameshika kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Ndiyo, baba. Nimegeuza."

"Ila zipu nyuma, mwanangu. Mteja akiingia akaikuta zipu imemkodolea macho atasema fundi mwenyewe hajui kazi."

Nikauzungusha mto bila kuunyanyua, zipu ikarudi nyuma. Nikaupiga kofi, nikaketi juu yake, nikaomba chai.

Habari ya mke wangu niiseme mapema, mtu asije akadhani hasira yangu nimeiokota njiani. Nilimwita Bibi Harusi tangu siku niliyomwoa hadi siku niliyomfunika. Watu walicheka, mwanamke ana mvi bado ni bibi harusi? Nikawaambia mimi sijamaliza kusherehekea. Yeye ndiye aliyeshona zile kamba za pembeni za mito, zinazofanya kiti kionekane kimevaa. Mkono wangu haukuwahi kuziweza. Ukiona kochi langu la siku hizi halina kamba pembeni, ujue limeshonwa na mgane.

Bibi Harusi alianza kutoka damu wakati wenzake wa rika lake wameshaacha. Akaniambia, nikafunga karakana, tukaenda hospitali. Tulikwenda tena na tena. Kila safari ni dirisha lile lile, mabenchi yale yale, na mtu mwingine mwenye koti jeupe anayesema bila kuinua kichwa, "Ni umri huo, mama. Mwili unabadilika." Anapewa vidonge vya maumivu, tunatoka. Nje ananishika mkono, ananiambia, "Mume wangu, nimegunduliwa. Nina ugonjwa wa kuzaliwa zamani." Tulicheka njia nzima. Siku alipopatikana mtu wa kumlaza kitandani na kumtazama, ugonjwa ulikuwa umeshatambaa mwili mzima, na daktari yule akatuuliza sisi, sisi! mbona mmechelewa kuja.

Wasinieleze habari za uhaba wa vifaa. Ofisi za wakubwa wa hospitali ile zina mazulia ya kuzamisha kiatu. Nimeyaona kwa macho yangu, kwa sababu viti vyao nilivishona mimi.

Basi hospitali hiyo hiyo ikanitafuta tena. Kuna wageni wenye vyeo wanakuja kukagua, na mabenchi ya upande wa kina mama yanatia aibu: miguu inacheza, vitambaa vimechanika. Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kukataa, machafu.

"Baba, kubali," Meneja akaniambia. "Wale kina mama watakalia kazi yako wewe. Mkuu wa hospitali hatakaa pale hata siku moja."

Hapo alinipata. Nikakubali.

Mabenchi yale ni ya mbao, na juu yake imelazwa mito mirefu, huru, haikupigiliwa. Kuna mtu wa ofisini, mwenye akili zake, aliwahi kuagiza ivishwe kitambaa cha rangi ya maziwa. Rangi ya maziwa, mahali wanapokaa wagonjwa! Lakini nilishangaa, maana kwa juu ilikuwa safi kiasi. Nikanyanyua mto wa kwanza, nikaugeuza ili niufumue mshono.

Chini kulikuwa na doa. Damu iliyokaa inakuwa rangi ya chai, kila mtu anaijua. Nikasema haya, imetokea. Nikageuza mwingine. Nikageuza mwingine tena. Yote ilikuwa hivyo. Mingine madoa yamepandana, jipya juu ya kuukuu.

Nikakaa sakafuni na vimisumari vyangu mdomoni. Nikaiona picha yote. Mwanamke anakaa, anasubiri, anasubiri, anahisi kitu. Anainuka, anatazama kulia, anatazama kushoto, anageuza mto, anakaa tena. Akiondoka anakuja mwingine, naye anageuza. Kumbe ile ndiyo mito iliyogeuzwa kuliko mito yote niliyowahi kushughulika nayo maishani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akifuata ushauri wa fundi.

Na Bibi Harusi wangu alikaa pale. Doa mojawapo huenda lilikuwa lake, sikujua lipi. Nikapitisha kiganja juu ya yote, moja moja, kabla sijafumua.

Halafu nikaikumbuka ile zipu iliyokuja mbele.

Nilirudi nyumbani bila kumaliza kazi. Meneja alikuwa karakana anazungumza na mteja. Nikaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, nikageuza mto. Alikuwa amejaribu kusugua kwa sabuni, pakabaki duara, na katikati ya duara lile rangi ile ile. Mimi nilikuwa nimeukalia na kuomba chai.

Kuzungumza na mke wa mwanao habari za namna hiyo, ulimi unakuwa mzito kama kochi la watu watatu. Jioni ile niliosha foronya, nikaianika nyuma ya nyumba, nikalala na maneno yangu.

Asubuhi tulikuwa karakana. Yeye anakata vitambaa mezani, mimi nikaketi kwenye cherehani nikampa mgongo. Cherehani ni msaada mkubwa kwa mwanamume asiyejua kuongea. Ukikosa neno, unakanyaga, kelele inaongea badala yako.

"Meneja."

"Naam, baba."

"Ule mto wa dirishani nimeuvua foronya."

Mkasi ukanyamaza. Nikakanyaga cherehani kidogo, bila kitambaa.

"Nisamehe, baba. Nitaifua."

"Nimeshaifua. Za mama yako nilifua mpaka mwisho, mikono hii haioni haya. Ninachouliza ni wewe. Unaumwa?"

"Jamani, baba! Mambo haya naongeaje na wewe?"

"Usiongee na mimi. Ongea na mgongo wangu. Mgongo hauna macho."

Akacheka, kicheko chenye machozi ndani yake. Akavuta kigoda. Nikamsikia anakaa kwa kujishika meza, kama bibi kizee, mtoto wa watu ambaye juzi tu alikuwa akinisaidia kupandisha makochi kwenye gari.

Akauambia mgongo wangu kila kitu. Siku ya kampeni ya chanjo ya ule ugonjwa wa mapafu uliozunguka dunia, alikwenda kuchanjwa pamoja na majirani. Mkono ukauma, ukapoa. Mwezi uliofuata siku zake zikaja kabla ya wakati, zikaja nzito, halafu zikagoma kuondoka. Zikikatika leo, keshokutwa zimerudi. Pedi hazitoshi, inabidi aongeze vitambaa. Akipanda ngazi anaona nyota. Msusi wa jirani naye siku zake zilivurugika baada ya sindano ile ile, lakini zikajirekebisha zenyewe, zikatulia. Za kwake hazitulii.

"Mume wako anajua?"

"Yuko barabarani, baba. Nimwambie ili ashike usukani huku ananiwaza mimi?"

"Na hospitali?"

"Nimekwenda. Mara ya kwanza nilimwambia nesi imeanza baada ya sindano. Akanitolea macho. 'Dada, usituletee uvumi hapa, watu wataacha kuchanja!' Nikaona aibu, nikaondoka. Mara ya pili nikamkuta mwingine, sindano sikuitaja kabisa. Akaitaja yeye. 'Umechanjwa? Basi ni chanjo hiyo, itapita, nenda nyumbani.'"

"Walikupima?"

"Nani anipime, baba? Hata kitini sikukaa."

Niliacha kukanyaga. Mara ya kwanza chanjo haiwezi kufanya hivyo, kwa hiyo nenda nyumbani. Mara ya pili chanjo ndiyo iliyofanya, kwa hiyo nenda nyumbani. Mke wangu alikuwa na umri, naye akaenda nyumbani. Watu hawa wana maneno ya kila aina na yote yanaishia mlangoni.

Nisieleweke vibaya. Na chanjo sina ugomvi. Nilichanjwa, na ikija nyingine nitakunja shati tena, maana ugonjwa ule ulinichukulia marafiki. Lakini baada ya sindano walituuliza kila kitu: mkono unauma? kichwa? una homa? Habari ya hedhi hakuuliza mtu, na nusu ya foleni ilikuwa wanawake. Hukuuliza, halafu unajuaje kwamba anayekuja kukueleza analeta uvumi?

"Kesho tunakwenda wote," nikasema.

"Kesho una mabenchi ya kumaliza, fundi. Wageni wa Mkuu wanakuja mchana."

"Ndiyo maana nasema kesho."

Nilifanya kazi siku ile kama mtu anayefukuzwa. Kitambaa kipya walichonipa, rangi ile ile ya maziwa, nilikirudisha dukani, nikachukua kitambaa cha zambarau iliyokolea, cha kuficha chochote. Miguu yote ya mabenchi nikaikaza na kuitia gundi, nikayapindua miguu juu pale kwenye korido yakauke. Na kwa habari ya gundi ya mbao niseme wazi: ukiipaka jioni, asubuhi unaweza kumkalisha tembo.

Asubuhi korido ilikuwa imejaa. Kina mama wamesimama kando ya ukuta, wengine wamekaa sakafuni, mabenchi yamelala miguu juu katikati kama mbuzi waliokufa. Mimi nikajifanya nakagua viungo. Meneja akajipanga dirishani. Nilikuwa karibu, nilisikia yote.

"Tatizo?" nesi wa dirishani akauliza.

"Damu, dada. Haikatiki."

"Ulishakuja?"

"Nilikuja. Niliambiwa ni chanjo."

"Sasa kama uliambiwa ni chanjo, umerudia nini?"

Meneja, yule anayewatuliza wateja wangu wenye midomo michafu, aliondoa mikono dirishani. Aligeuka. Uso wake ulikuwa mweupe kama majivu, midomo haina rangi. Akaja mpaka nilipo, akasema kwa sauti ndogo, "Twende zetu nyumbani, baba."

Nilimwona Bibi Harusi. Sisemi habari za mizimu. Nasema niliona mwanamke mwingine wa nyumba yangu anaambiwa nenda nyumbani na yeye anakubali.

"Kaa," nikamwambia.

"Nikae wapi, na wewe umepindua mabenchi yote?"

Nikasogeza sanduku langu la vyombo, nikaweka mto mpya juu yake, nikauweka sawa. "Zipu nyuma," nikasema. Akatabasamu kidogo, akakaa, akaegemeza kichwa ukutani.

Ndipo Mkuu wa hospitali akatokea, suti ya bluu, viatu vinang'aa, simu mkononi.

"Fundi! Mbona mabenchi yamelala? Wageni wako njiani!"

"Shikamoo, Mkuu," nikasema, ingawa kwa umri yeye ndiye wa kuniamkia. "Gundi haijakauka."

"Haijakauka? Si uliipaka jana?"

"Ndiyo. Lakini hii ni gundi ya kisasa. Ina mambo yake."

"Itakauka saa ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Nikafuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Inategemea daktari. Yule binti aliyekaa kwenye sanduku langu akiingia ndani, akapimwa damu, akapimwa tumbo... siyo kuambiwa, Mkuu, kupimwa... nadhani benchi la kwanza litakuwa limekauka."

Mkuu akanitazama kama anatazama kiti kilichofungua mdomo kikaongea.

"Mzee, unanitisha ndani ya hospitali yangu?"

"Mimi nina uwezo gani wa kutisha? Nazungumza habari za gundi."

Akainama, akanyoosha mkono aguse kiungo cha mguu. Kabla hajafika, mama mmoja muuza mboga, mnene, ana kapu lake miguuni, akapiga kelele, "Usiguse, mheshimiwa! Utaharibu suti! Mbichi kabisa hiyo, mimi nimegusa, tazama kidole!"

Akainua kidole. Kidole kikavu kama kijiti. Mkuu akakitazama, na suti yake akaitazama, akarudisha mkono.

"Na mimi imenishika hapa," mwingine akadakia, akionyesha sketi isiyo na kitu.

"Harufu yake tu jamani, kichwa kinaniuma," akasema msichana aliyekaa sakafuni, na wenzake wakaziba midomo kwa viganja.

Mkuu akamwita mlinzi. Akaja mzee wa watu, amevaa kofia iliyomzidi kichwa. "Simamisha haya mabenchi," akaamriwa. Mlinzi akawatazama wanawake wale waliojaa korido nzima, nao wote wakamtazama yeye. Akakuna shingo.

"Mkuu," akasema, "mimi mambo ya gundi siyajui. Nikilinyanyua mguu ukaachia, mgeni akaanguka, si nitaulizwa mimi?"

Vicheko vikatoroka. Nesi wa dirishani akatoa kichwa kuona kuna nini. Na mlango wa chumba cha daktari ukafunguka, akatoka daktari mwanamke, kijana mno, ana glavu mkono mmoja.

"Kelele za nini?"

"Gundi, daktari," akajibu muuza mboga. "Fundi anasema haikauki mpaka binti huyu apimwe. Ametumwa nyumbani tena na tena, damu inamtoka, na ona alivyo."

Daktari hakumtazama Mkuu, wala mimi. Alikwenda kwenye sanduku, akachuchumaa, akavuta kope la chini la Meneja kwa kidole gumba. Akalitazama. Akamshika viganja, akavigeuza.

"Nani alikuambia uende nyumbani?"

Kichwa cha dirishani kilirudi ndani.

"Njoo," daktari akasema, akamshika kiwiko.

Meneja akanigeukia. Nilijua anaogopa, maana aliniita kwa sauti ya mtoto. "Baba."

"Nenda, mwanangu. Mimi sitoki hapa. Nalinda gundi."

Mlango ukafungwa. Nikaliendea benchi la kwanza, nikaliinua, nikalisimamisha, nikalikalia kwa uzito wangu wote, nikaruka juu yake kidogo. Halikutikisika.

"Hili limekauka, Mkuu."

"Na la pili?" akauliza, meno yamebana.

Muuza mboga akainua mkono kama yuko darasani. "La pili mimi nadhani linanitegemea mimi. Mwaka huu wote tumbo hili naambiwa ni gesi."

"Na langu limeambiwa ni mawazo," akasema msichana wa sakafuni.

Mkuu alitazama saa. Alitazama mabenchi. Wageni ndio walimsukuma, huruma sikuiona, na sitamsifu kwa kitu ambacho hakukifanya. Alipiga simu, akafoka na mtu, na baada ya muda wakaja madaktari wengine wawili wanafuta midomo, chai yao imekatishwa. Milango ikaanza kufunguka. Kila anayeingia, mimi nasimamisha benchi. Wageni walipofika, korido ilikuwa imenyooka, mito inang'aa, vyumba vina watu. Wakampa Mkuu mkono wa pongezi. Sikushangaa. Hivyo ndivyo pongezi zinavyotembea, hazijawahi kupotea njia zikaja karakana.

Niliitwa ndani baadaye.

"Wewe ni nani wake?" daktari akauliza.

"Baba."

"Baba mzazi, au..."

"Baba," akasema Meneja kutoka kitandani.

Daktari akaeleza kwa maneno ya kawaida, mpaka mimi niliyeacha shule mapema nikaelewa. Damu ya Meneja ilikuwa imeshuka sana, ataongezewa leo leo. Ndani ya kizazi kuna uvimbe. Kwa jinsi alivyouona kwenye picha haukufanana na ule mbaya, lakini utatolewa na utapimwa ili wasikisie.

"Na sindano?" nikauliza.

"Inawezekana sindano ilizisogeza siku zake. Wanawake wengi wamesema hivyo, na hawakosei. Kwa wengi siku zinarudi sawa zenyewe baada ya mwezi mmoja au miwili. Lakini damu nyingi namna hii hatuipi jina kabla ya kumtazama mwenyewe. Ingeweza kuwa sindano, ingeweza kuwa hiki tulichokikuta. Kosa ni kumrudisha nyumbani bila kuangalia."

Nilitaka kumwuliza ulikuwa wapi, wewe, miaka ile ya Bibi Harusi? Nikamtazama usoni, nikaona miaka ile alikuwa bado anavaa sare za shule. Nikameza. Nikamwambia kiti chake kinalia, nitakuja kukikaza.

Mwanangu alipiga simu jioni, Meneja akiwa wodini, mrija wa damu umefungwa mkononi.

"Baba, mke wangu hapokei simu. Ana nini?"

"Muulize mwenyewe, nampa sasa hivi. Na ukishamuuliza, funga mdomo usikilize. Gari limesimama?"

"Limesimama."

"Basi lisimame hapo hapo."

Nikampa simu, nikageuka, nikampa mgongo. Akaongea muda mrefu, akilia kidogo, akicheka kidogo. Mara moja nilimsikia anasema, "Ndiyo, gundi. Nitakueleza." 

Walimfanyia upasuaji. Majibu ya uvimbe tuliyangoja, na kungoja kule sitakuelezea, kila aliyewahi kungoja anakujua. Yalikuja mazuri. Daktari aliniambia kwa kunishika bega kabla hajafungua mdomo, na kiti chake nilikikaza siku hiyo hiyo.

Kule korido mito ipo vile vile, huru. Mkuu alikuwa ameniambia niipigilie misumari isihamehame. Sikupigilia. Atakayehitaji kugeuza ageuze, mpaka siku watakapojifunza kumwita mtu kabla hajahitaji kugeuza.

Meneja alirudi nyumbani, akapona polepole, akaanza kunigombeza haraka. Shati hili la nini, chai hii umeweka sukari ya harusi, mteja wa kochi la kona umemjibu vibaya nimesikia. Rangi ilimrudi usoni kama kitambaa kilichotolewa vumbi. Alifungua hata boksi la nyuzi za Bibi Harusi, akaanza kujifundisha kamba za pembeni. Ya kwanza ilikuwa imepinda kama mkia wa nguruwe. Niliishonea kwenye mto wa kiti cha dirishani, ninapokaa mimi.

Halafu siku moja nikaingia sebuleni, nikaona mto wa kiti cha dirishani umegeuzwa. Kamba iliyopinda ilikuwa upande wa kulia, sasa iko kushoto.

"Meneja!"

Akatoka jikoni, mikono ina povu. "Nini, fundi, nyumba inaungua?"

"Umegeuza mto."

"Nimegeuza."

Akaona uso wangu. Akaja, akafuta mikono kwenye nguo, akaunyanyua mto mwenyewe, akaupindua mbele yangu, akaushika hivyo kama mtu anayeuza. Kitambaa safi. Nilipitisha kiganja. Kikavu, safi.

"Wewe si unawaambia watu kila siku geuzeni mito, sponji ichoke sawasawa?" akasema. "Nimekusikiliza, unaita kama mwizi kaingia."

"Nimeona tu zipu iko nyuma. Nikashangaa nani kakufundisha."

"Wewe mwenyewe, Mkaguzi Mkuu," akasema, akaurudisha mto mahali pake, akaupiga kofi. "Haya, kaa. Nakuletea chai."